Likizo Moja, Pwani Tatu

Hapo zamani, si ile zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya karibu tu, wakati barabara ya Tunduru bado ni tope na mtu wa Nyanda za Juu akitaka kufika Mtwara ni lazima azungukie Dar es Salaam, paliondokea mwanamke mmoja mjini Tukuyu, jina lake Subilaga. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Sikilizeni yaliyompata, kisha mtanijibu, maana mimi nimeyageuza kichwani mara nyingi na sijapata jibu.

Subilaga aliolewa na Ambokile, dereva wa lori la majani ya chai. Waliishi vizuri, wakapata mtoto mmoja wa kike, Bupe. Asubuhi moja Ambokile alikuwa anapanda lori lake, mguu mmoja kwenye ngazi, akaanguka. Kiharusi. Upande mzima wa kulia ukafa. Hakutembea tena, hakushika kijiko tena, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kwa shida.

Mgonjwa wa namna ile hulala kitandani, na asipogeuzwa anaota vidonda. Alfajiri anageuzwa. Mchana anageuzwa. Jioni anageuzwa. Usiku anageuzwa. Subilaga alimgeuza mume wake miaka mingi, na katika miaka hiyo yote Ambokile hakuota kidonda hata kimoja. Watu wa Tukuyu walimsifu sana. Lakini Subilaga hakufanya kazi ile peke yake. Walikuwapo watu watatu waliomshika mkono, na kila mmoja alitoa kitu ambacho hakikurudi.

Wa kwanza alikuwa wifi yake, Tupokigwe, dada wa Ambokile. Alihamia kwao kumwangalia kaka yake wakati Subilaga yuko darasani. Tupokigwe alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Ipyana, seremala, aliyekwenda Pangani kujenga vibanda vya wageni katika ufukwe wa Ushongo. Mwaka mmoja Subilaga alipelekwa wilaya nyingine kusimamia mtihani wa darasa la saba. Huku nyuma habari ikafika: Ipyana ameugua malaria, amefariki, wenzake wanataka kuzika. Tupokigwe akatazama kitandani. Hakuna mtu mwingine wa kumgeuza mgonjwa. Akawaambia wale wa Pangani, "Mzikeni. Siwezi kuja." Subilaga aliporudi alimkuta wifi yake amevaa nguo nyeusi, anamlisha Ambokile uji.

"Kwa nini hukunipigia simu?" Subilaga aliuliza.

"Ungeacha mtihani ukaja," alijibu Tupokigwe, "na kazi ingepotea, na sote tungelala njaa. Nipe hilo kopo la maji."



Wa pili alikuwa mwalimu mwenzake, Somoe, mtu wa Kilwa Masoko. Subilaga alipochelewa kwa sababu ya mgonjwa, Somoe aliingia darasani kwake. Subilaga alipozidiwa, Somoe alisahihisha madaftari yake. Wakati mmoja Somoe alipata uhamisho wa kurudi kwao Kilwa, alikomwacha mama yake, Bi Hidaya, mzee aliyekuwa akiishi peke yake. Uhamisho ule alikuwa ameuomba kwa muda mrefu. Akaukataa. Mwalimu mkuu alimwuliza sababu, naye akasema, "Nikiondoka, Subilaga atafukuzwa kazi." Bi Hidaya akabaki peke yake kule pwani.

Wa tatu alikuwa Bupe, binti yake. Tangu utotoni alifua mashuka ya baba yake kabla ya kengele ya shule, maji ya baridi, mikono inachanika. Wenzake walipocheza, yeye alikaa na baba. Alipokua akaenda Mbeya, akajifunza ushonaji, akafungua duka, na kila mwisho wa juma alipanda gari akarudi Tukuyu kumpumzisha mama yake.

Hao ndio watatu. Shikeni majina yao.

Basi Ambokile akafariki. Alifariki mchana, ametoka kugeuzwa, ametazama dirishani. Wakamzika, wakamaliza matanga, ndugu wakarudi makwao. Na hapo ndipo Subilaga alipoanza kuugua. Hakuweza kulala. Kila aliposinzia aliamka, akaenda chumba cha pili kumgeuza mtu ambaye hayupo. Siku moja akaanguka darasani mbele ya watoto, chaki mkononi.

Bupe akampeleka hospitali. Daktari akampima, akauliza maswali mengi, kisha akamwambia, "Mama, mwili wako umechoka kuliko umri wako. Nenda mahali pa joto ukapumzike. Nenda peke yako. Na kama mahali hapo pana mtu wa kuhudumiwa, usiende hapo."

Ilikuwa inakaribia likizo ya katikati ya mwaka, wakati Tukuyu ukungu haunyanyuki hadi mchana na baridi inaingia kwenye mifupa. Subilaga alilijua Ziwa Nyasa, lakini bahari hakuwahi kuiona. Bupe akasema, "Mama, nitakupeleka baharini. Safari nalipa mimi. Nina uwezo wa safari moja tu, na likizo yako ni hiyo moja. Chagua pwani."

Habari ya safari ikasikika. Jioni moja wale watatu wakakutana sebuleni kwa Subilaga, kila mtu na kikombe chake cha chai. Na kila mmoja akasema lake.

Tupokigwe akaanza. Miguu yake ilikuwa imevimba, ameiweka juu ya kigoda.

"Wifi," alisema, "siku ile ya msiba wangu sikukudai. Mwaka uliofuata sikukudai. Leo nakudai. Nenda Pangani. Ushongo kuna ufukwe mzuri, Ipyana alikuwa akiniambia mchanga wake ni kama unga na mivinje inatoa kivuli mchana kutwa. Utapumzika. Lakini mwanangu amelala kule, na tangu afukiwe hakuna mtu wa ukoo wetu aliyesimama juu yake. Miguu hii hainifikishi hata stendi. Nenda ukakae naye kidogo. Umwambie mama yake hakukataa kuja."

Subilaga akasema, "Nimekusikia, wifi."

Kisha akasema Somoe.

"Dada Subilaga, nilipoukataa uhamisho sikukudai. Mama yangu alipolia kwenye simu sikukudai. Leo nakudai. Nenda Kilwa. Mama ana nyumba karibu na bahari, ukifungua dirisha unasikia maji. Amezeeka. Ameniambia, 'Mwanangu, huyo mwanamke aliyekuzuia usirudi, nataka kumwona. Sitamgombeza. Nataka nimtazame uso tu, nijue mtoto wangu nilimwachia nani.' Mimi likizo hii ndiye ninayebaki na darasa la saba, wewe unajua. Wewe nenda. Kaburi la Ipyana, Mungu amrehemu, litakuwapo mwakani. Mama yangu sijui."

Tupokigwe aliinamisha kichwa.

Subilaga akasema, "Nimekusikia, Mwalimu."

Kisha akasema Bupe. Yeye alisimama, akaweka kikombe chini.

"Shangazi, unisamehe. Mwalimu Somoe, unisamehe. Mama, nilipofua mashuka sikukudai. Wenzangu walipokwenda na mama zao sokoni kununua nguo za sikukuu, nikabaki, sikukudai. Leo nakudai. Siku baba alipoanguka nilipoteza wazazi wawili. Baba akawa mgonjwa, na wewe ukawa muuguzi. Mama sikumwona tena. Nataka arudi. Kuna mahali panaitwa Msimbati, mbele ya Mtwara. Sisi hatuna mtu pale. Hatuna kaburi, hatuna mzee, hatuna deni. Hakuna atakayekujua jina. Ukienda Pangani utaenda kulia. Ukienda Kilwa utaenda kumhudumia mzee, maana nakufahamu, hutakaa hata dakika bila kushika ufagio. Daktari alisema nini? Ukirudi umechoka zaidi, nitakuzika na wewe."

Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema uongo. Hilo ndilo lililokuwa gumu.

Subilaga akasema, "Nimekusikia, mwanangu." Akawatazama wote. "Nipeni muda."

Lakini hata siku ya kuondoka alikuwa hajaamua. Alifika Dar es Salaam na begi lake dogo, akasimama katikati ya stendi. Huku wanaita abiria wa Tanga, na ukifika Tanga, Pangani si mbali. Kule wanaita abiria wa Kilwa. Na kule wanaita abiria wa Mtwara. Alisimama pale hadi mpiga debe mmoja akamwonea huruma, akamwuliza, "Mama, unakwenda wapi?" Subilaga alifungua mdomo, na neno lililotoka likamshangaza mwenyewe.

"Mtwara."

Akampigia simu Somoe. "Nakwenda Msimbati," alisema. "Lakini njia ni hiyohiyo. Nikirudi nitashuka Kilwa, nitalala kwa mama. Mwambie."

Somoe akasema, "Sawa, dada. Nitamwambia unapita."

Akampigia na Tupokigwe. Tupokigwe alisema, "Safari njema, wifi," akakata simu.

Basi likaenda. Likavuka Rufiji, likapita mikorosho, hadi likafika njia panda ya Nangurukuru. Barabara ya kushoto inakwenda Kilwa. Basi likasimama, abiria wakashuka kula, wengine wakabadilisha gari. Kondakta akaita, "Wa Kilwa washuke." Subilaga, ingawa alikuwa amesema atashuka akirudi, akasimama. Akachukua begi. Akafika mlangoni. Akaiona ile barabara ya kushoto, na wanawake wawili wamekaa kando na matenga yao ya samaki wakavu. Moyo wake ukamwambia kwamba mbele ya barabara ile kuna mzee, na mzee yule anataka kutazamwa, na kupikiwa, na kusikilizwa, na yeye Subilaga hana budi kufanya hivyo kwa uso mzuri.

"Mama, unashuka au hushuki?" kondakta aliuliza.

"Sishuki," alisema Subilaga, akarudi kukaa.

Akafika Msimbati. Akapata chumba katika nyumba ndogo ya wageni, kwa mwanamke mmoja mpole aliyemletea samaki na wali na hakumwuliza habari zake. Bahari ilikuwa pale, hatua chache kutoka kizingitini, rangi ambayo Subilaga hakuwahi kuifikiria. Siku ya kwanza alikaa mchangani na viatu vyake, akaogopa. Siku ya pili akavua viatu. Usiku aliamka kama kawaida yake, akasimama, akatafuta chumba cha pili, akakuta hakuna chumba cha pili. Akarudi kulala.

Na ikafika asubuhi moja. Aliingia majini na kanga yake hadi kiunoni. Maji yalikuwa ya vuguvugu, kama maji aliyokuwa akimwogeshea mume wake, lakini hapa yeye ndiye aliyekuwa ndani. Akajilaza, maji yakambeba. Hakumgeuza mtu, na hakuna aliyemgeuza. Akatazama juu. Alipotoka jua lilikuwa limepanda sana, na akatambua kwamba kwa muda wote ule hakumkumbuka Tupokigwe, wala Somoe, wala Bupe. Hakumkumbuka hata Ambokile. Akakaa mchangani akalia, na hakuwa na huzuni. Kisha akaingia ndani akalala mchana wote kama mtoto.

Siku iliyofuata simu ikalia. Alikuwa Somoe.

"Dada," alisema, "mama amefariki. Amefariki leo alfajiri. Wanazika mchana."

Subilaga alifunga begi lake. Angeweza kubaki, hakuna ambaye angemlaumu kwa maneno, na siku za mapumziko zilikuwa bado nyingi. Alifunga begi, akaaga, akapanda gari la Mtwara, akapanda la Dar es Salaam. Safari hii njia panda alishuka. Alifika jioni, Bi Hidaya amekwisha kuzikwa.

Wanawake walikuwa wamekaa uani. Mmoja akamtazama, akamwuliza, "Wewe ndiye Subilaga wa Tukuyu?"

"Ndiye mimi."

"Karibu. Mzee alikungoja. Siku basi lenu lilipopita aliambiwa unapita, yeye akasikia unakuja. Tukamweleza, hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Alisema mlango usifungwe. Akakaa kizingitini hadi magharibi."

Wakamwingiza chumbani. Kitandani palikuwa na mkeka mpya wa ukili, umeshonwa hadi mwisho, una mistari ya zambarau na kijani. Yule mwanamke akasema, "Alikusukia wewe. Alisema wewe ni mtu wa kutolala, labda utalala juu yake."

Subilaga hakukaa juu ya mkeka ule. Alitoka uani, akachukua sufuria, akaanza kuosha vyombo vya msibani. Akaosha siku ile, akaosha ya pili, akapika, akachota maji, akakaa na wafiwa hadi Somoe alipowasili kutoka Tukuyu. Somoe alimkumbatia, akalia begani kwake. Kisha akasema neno moja tu, na hakulirudia tena maishani: "Ungeshuka, ungemkuta."

Likizo ikaisha. Subilaga akarudi Tukuyu na mkeka chini ya kwapa, amekonda, macho yameingia ndani. Wakakutana tena sebuleni kwake, walewale.

Bupe alimtazama mama yake muda mrefu. "Nilikununulia pumziko," alisema, "ukalibeba ukalipeleka msibani. Umepumzika siku ngapi? Mama, hata nafsi yako mwenyewe hukuitendea haki. Ungebaki Msimbati. Bi Hidaya alikuwa amekwisha kuzikwa. Ulikwenda kumfanyia nini?"

Somoe akasema, "Usimgombeze mama yako, Bupe. Alikuja kunifuta machozi, na mimi sitalisahau. Lakini sitasema uongo mbele yenu. Mama yangu hakuomba kupikiwa. Aliomba uso. Uso ulipita njia panda ukaendelea. Miaka yote ile nilimnyima mama yangu mtoto wake, kwa ajili ya nyumba hii."

Tupokigwe alikuwa anasugua miguu yake. Wote wakamngoja. Mwishowe akasema, "Mimi sina la kusema. Nyinyi mnabishania siku zake, huyu anasema aliibiwa, yule anasema alinyimwa. Mwanangu hakuingia hata kwenye hesabu. Kwa sababu amekufa, na kwa sababu mimi sipigi kelele, mlijua nitasamehe. Na kweli nimesamehe. Lakini mjue kwamba mlijua."

Subilaga aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, na hakuomba radhi:

"Wifi, Pangani nitakwenda, Mungu akinipa uhai, lakini najua nikifika sitakuwa nimekulipa. Mwalimu, mama yako nilimkosa kwa hatua chache, na kila nikifunga macho naiona ile barabara ya kushoto. Mwanangu, ulichonipa ni kikubwa, na nilikikata katikati. Yote hayo ni kweli. Lakini niwaambie na hili. Kule Msimbati kuna asubuhi moja niliwasahau nyote. Nilimsahau na marehemu. Nilikuwa mtu tu, ndani ya maji. Asubuhi ile, mkiniambia leo niirudishe ili Bi Hidaya anione, au ili Ipyana apate mgeni kaburini, siirudishi. Nimejiuliza kama huo ni ubaya. Sijui. Lakini siirudishi."

Somoe aliunyoosha ule mkeka sakafuni, akaupapasa kwa kiganja, akaukunja tena, akaenda kuuweka chumbani kwa Subilaga. Tupokigwe akaomba asaidiwe kusimama, na Bupe akamshika mkono akamsindikiza hadi chumbani kwake.

Nimemaliza. Sasa zamu yenu, mliokaa hapa mkinisikiliza. Msinijibu haraka, na msinijibu kwa kumwonea huruma mmoja mkawasahau wengine. Wifi alimzika mwanawe kwa simu. Mwalimu alimwacha mama yake kizingitini. Binti alikua bila mama. Na mwanamke mwenyewe alikuwa na mwili mmoja, uliokwisha kuchoka.

Likizo ilikuwa moja, na pwani zilikuwa tatu. Basi niambieni: zile siku zilikuwa haki ya nani?